Nzuri, Ila

Tyseley, Birmingham
Jumapili, 19 Aprili 2026

Shoga yangu Gertrude,

Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu anaishika Asmahan kuliko mimi mwenyewe. Ujumbe ukiingia tu ashausoma, na yapo mambo sitaki ayasome. Mwanangu yuko mwaka wa pili wa famasia, mitihani iko mlangoni, nataka kichwa chake kitulie.

Huku sote wazima. Tangu uhamie Dundee kwa mwanao Xavier, nafasi yako kwenye mashine ya kukunja mashuka kapewa Fosia, msichana wa Kisomali. Kazi anaijua lakini hacheki. Miaka tisa nimesimama na wewe pale tukifua mashuka ya hospitali na kusengenya watu, leo nikigeuka na neno langu namkuta yeye kanuna. Nalimeza.

Habari kubwa ni sheria mpya. Tangu tarehe sita mwezi huu, mfanyakazi akiumwa analipwa kuanzia siku ya kwanza. Zile siku tatu za kungoja bila malipo zimefutwa, hata wa saa chache naye anapata. Tulifurahi, wallahi, siku hiyo hata Fosia alicheka. Kumbe kampuni nayo, kwa kuogopa watu watalala majumbani, ishaugeuza ule mpango wake wenyewe wa ugonjwa. Zamani ulikuwa unamwendea meneja Pritesh, anakutazama usoni, anakwambia nenda, na kampuni inakulipa mshahara mzima na kukupeleka kwa daktari wake. Sasa Pritesh hana kauli. Unapiga simu asubuhi, yuko nesi huko sijui mji gani, anakuuliza maswali, na yeye ndiye anayeamua kama unaingia mpango wa kampuni au unabaki na kile kiwango cha sheria peke yake.

Mimi nilipiga Jumatatu ya tarehe kumi na tatu, bega la kulia lilikuwa linanisumbua kidogo. Nesi kaandika kwamba naweza kazi. Basi nimerudi kazini, hapana neno.

Na wewe je? Kila nikikuuliza habari zako unanipa habari za wajukuu.

Mwanasiti Vuai


Dundee
24 Aprili 2026

Mama Asmahan,

Barua! Xavier aliniletea jikoni akiishika na vidole viwili kama samansi ya korti. Nilimwambia arudi kwa televisheni yake.

Sasa wewe. "Linanisumbua kidogo." Nani hiyo unadanganya? Siku mlango wa mashine ulikubana vidole ulisema si kitu, na kucha mbili zikaanguka ndani ya glavu. Kidogo yako mimi naijua. Aki niambie ukweli, bega lina nini? Daktari amesema nini? Na huyo nesi wa simu, ulimwambia nini hasa? Nataka neno kwa neno, usinifupishie. Mtu hawezi kusikiza mwenye bega bovu halafu aandike eti ako sawa. Kuna kitu mahali.

Mimi niko tu. Kazi ya kutunza wazee ni saa kumi na sita kwa wiki, inanitosha. Wajukuu wananiongelesha na Kiingereza cha Kiskoti, siwaelewi, hawanielewi, tunapendana hivyo hivyo.

Jibu haraka. Na usianze na "sote wazima".

Gertrude


Tyseley
29 Aprili 2026

Gertrude,

Haya, umeshinda. Lakini ukimwambia Asmahan, mimi na wewe basi.

Tangu Januari mkono wa kulia siwezi kuuinua hata ufike sikio. Mtandio najifunga kwa mkono mmoja na meno. Usiku nalala nimekaa, na mito mitatu mgongoni. Mwanzoni mwa mwezi huu ndiyo nilipigwa picha hospitali, daktari kasema mshipa unaolishika bega umechanika. Ukishonwa mapema utashika. Ukiachwa, mkono wangu utakuwa wa kushikia kikombe cha chai, na kazi ya mashuka niiage. Kwenye foleni ya hospitali nimo, ila tarehe sijapewa. Mpango wa kampuni ungenifikisha kwa mpasuaji ndani ya wiki chache. Ndiyo maana nikapiga ile simu.

Nikajifungia chooni, Asmahan asisikie. Nesi ana sauti tamu, bibi wee, kama anakubembeleza. Kaniuliza kwa Kiingereza, hujambo leo? Sasa Gertrude, mtu anakuuliza hujambo, utamjibu nini? Nikamjibu kwa Kiingereza changu, nzuri, alhamdulillahi, nashukuru, ila... Hiyo ila haikufika mwisho. "Vizuri sana!" akadakia, huyoo swali la pili.

Khaa! Kwetu nani anaanza na shida? Unaulizwa habari, unasema nzuri, hata kama jiko linawaka moto. Halafu ndiyo unasema, ila jiko linawaka moto. Huyu kasikia nzuri, kafunga daftari.

Akaniuliza maumivu, moja mpaka kumi. Nikafikiri. Kumi ni uchungu wa kuzaa, na Asmahan alinichukua siku mbili. Tisa ni mtu anayekata roho. Mimi nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, nijipe nane, si kufuru hiyo? Nikasema tatu. Akaniuliza, mkono unaweza kuuinua? Nikasema naweza, maana nauinua kweli, kwa kusaidiwa na mwenzake.

Barua yao imekuja: mfanyakazi anajisikia vizuri, maumivu madogo, mkono unainuka. Nimeisoma nikaona wamemwandika mwanamke mwingine kabisa.

Asmahan hajui lolote. Yule akijua ataacha chuo akatafute kazi, namfahamu. Na mimi sikusimama miaka yote ile kwenye mvuke ili mwanangu aje kusimama papo hapo.

Laiti ungalikuwa bado wewe ndiye mwakilishi wetu sisi wafanyakazi. Huyo aliyekuja baada yako sijui kasoma nini akautilia saini mpango huu. Nikimpata nina maneno yake.

Mwanasiti


Dundee
3 Mei 2026

Mama Asmahan,

Ni mimi.

Nimeandika hiyo sentensi mara nne kwa karatasi nne, kila mara naongeza maelezo, halafu nachana. Sasa naiwacha hivyo. Saini kwa ule mpango ni yangu. Waliniletea makaratasi katikati ya Januari, wiki mbili kabla nihame. Sheria ilikuwa imepitishwa, kampuni ikasema inapanga mambo yake kabla Aprili ifike. Nilisoma yote. Niliona nesi wa simu nikasema hii ni kitu nzuri, kwa sababu Pritesh alikuwa anaamini wale anaopenda. Wewe alikuwa anakuamini. Kuna wasichana pale walirudishwa kwa mashine na homa, na wewe unawajua.

Kosa langu ni lingine. Ndani ya makaratasi kuna mahali pameandikwa kwamba mfanyakazi anaweza kuongea na nesi kwa lugha yake, mkalimani analetwa kwa simu hiyo hiyo. Nilipaswa kuwatangazia wote. Kichwa changu kilikuwa kwa maboksi ya kuhama, nikasahau. Ungesema hiyo ila yako kwa Kiswahili, kuna mtu angeingoja. Nisamehe, mama. Nimelia na hii barua.

Sasa sikiza vizuri, ulie baadaye. Una haki ya rufaa ndani ya siku ishirini na nane, kwa hivyo mwisho ni Jumatatu tarehe kumi na moja. Kila simu inarekodiwa. Omba wasikize ile rekodi mbele yako. Na barua ya daktari kuhusu hiyo picha ya bega, iweke pamoja.

Gertrude


Tyseley
6 Mei 2026

Gertrude,

Nimesoma.

Miezi yote hii naamka na maumivu, kumbe kalamu ilikuwa yako. Angekuwa mtu mwingine ningemtukana yakaisha. Wewe ulikuwa unajua mimi ni mtu wa namna gani nikiulizwa hali. Umenitania kwa hilo miaka tisa, ukacheka mpaka machozi.

Rufaa yako kaa nayo. Siendi kukaa mbele ya watu nijililie kama mtoto.

Usiniandikie.

M.


Dundee
8 Mei 2026

Mama Asmahan,

Umesema nisiandike, nimeandika. Kasirika tena, niko tayari.

Ndani ya bahasha kuna barua ya rufaa, imeandikwa yote. Mahali pa saini nimeweka alama na penseli. Mpe Pritesh mkononi Jumatatu kabla shifti iishe, na usimwambie "samahani kwa usumbufu", kwa sababu najua hiyo ndiyo neno ya kwanza itatoka.

Hakuna mtu amesema ujililie. Sema tu vile ulinisemea mimi kwa barua, ya mito mitatu na mtandio wa meno. Hiyo si kulia, hiyo ni habari.

Na umwambie mtoto. Asmahan si mtoto tena, anasomea dawa za watu. Akisikia kwa mtu mwingine itamuuma kuliko bega lako.

Ukitaka kunichukia, nichukie kuanzia Jumanne.

Gertrude


Tyseley
22 Mei 2026

Gertrude,

Kaa kitako kwanza, ndiyo usome.

Barua yako iliingia Jumamosi, na aliyeiokota mlangoni ni Asmahan. Kaigeuza geuza, kaniuliza mbona Anti Gertrude anatuma barua za posta siku hizi, mnapanga harusi? Nilikuwa nimesimama na sufuria. Nikataka kuihamisha jikoni, mkono ukakataa, sufuria ikaenda chini na wali wote. Basi nikamwambia, pale pale sakafuni tukiokota punje.

Akalia. Halafu kanigombeza kwa Kiingereza, mbio mbio, nikampoteza katikati. Nilichokamata ni kwamba mwaka mzima anajifunza kuwauliza wagonjwa maumivu yao yako wapi, na mama yake mwenyewe anamdanganya. Nikatia saini usiku ule ule, shoga, saini imepinda kama ya mlevi, na Jumatatu nikampa Pritesh. Nikasema "samahani". La kwanza kabisa! Likatoka lenyewe. La usumbufu nikalimeza.

Kikao kilikuwa juzi Jumatano. Tulikuwa mimi, Asmahan, Pritesh, na mwanamke mmoja wa mpango kwenye skrini, Bi Dipika. Akaomba rekodi ichezwe. Gertrude, sijawahi kuisikia sauti yangu. Nilidhani nina sauti nzito, kumbe niko kama njiwa. Nesi anauliza, hujambo leo? Mimi najibu nzuri, alhamdulillahi, nashukuru, ila... Na yeye juu yake, vizuri sana! Asmahan akanishika goti chini ya meza.

Bi Dipika akasema, irudieni hapo. Wakairudia. Akasema tena. Mara tatu nimejisikia nasema ila, na mara tatu nimekatwa. Pritesh alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndipo yule mama akanitazama kwenye skrini akaniuliza, ulitaka kusema nini pale? Malizia, kwa lugha yoyote unayotaka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza. Kiingereza chote kikanikimbia. Nikamgeukia Asmahan nikasema kwa Kiswahili, ila naumwa. Naumwa sana, mwanangu, naumwa tangu Januari. Silali. Nikivuta shuka kwenye mashine naona giza. Naogopa huu mkono unakufa, na mimi sijui kazi nyingine. Nikaendelea, sikuweza kunyamaza, nikasema mpaka ya mito na ya mtandio na ya kujifungia chooni.

Unamjua Asmahan, Kiswahili anakisikia ila kujibu hajibu. Siku ile alikigeuza chote kuwa Kiingereza, neno kwa neno, hakuruka hata moja. Alipofika pale pa chooni akanywa maji, akaendelea. Mimi nilikuwa nasikiliza mtoto wangu ananisemea, na nikaona haya na raha kwa pamoja.

Bi Dipika akaisoma barua ya daktari mbele yetu. Akasema nesi alipaswa kuniuliza kama nataka mkalimani, na hakuniuliza. Jibu limekuja leo: nimeingia mpango wa kampuni, mshahara mzima, na tarehe ya kupasuliwa ni kumi Juni, hospitali ya binafsi upande wa Harborne. Na Pritesh kabandika tangazo kwenye mlango wa kulia chakula, kwa lugha sita, kwamba mkalimani yupo. La Kiswahili limejaa makosa, lazima umelituma wewe.

Hasira ninayo bado. Lakini ni kidogo, na safari hii nasema kweli.

Mwanasiti


Tyseley
18 Juni 2026

Anti Gertrude,

Shikamoo. Huyu ni Asmahan. Mama amesema niandike mimi kwa sababu mkono yake iko ndani ya kitambaa mpaka mwisho ya Julai. Samahani kwa Kiswahili yangu. Mama anataka kusahihisha, mimi nimesema hapana, hii barua ni yangu.

Operesheni imeenda vizuri. Daktari amesema mshipa imeshika na Mama atapata mkono yake karibu yote. Mama alikuwa analia alafu anasema "si kitu". Mimi nimemwambia Mama, sema namba. Akasema saba! Nimefurahi sana Mama anaumwa saba. Sijui kama hiyo ni sawa kusema.

Mitihani nimepita yote. Mimi siachi chuo, Mama alifikiri uongo.

Anti, nimesoma barua zako zote, Mama amenipa. Nataka kuuliza kitu. Mama anasema yeye na afya yake, wewe unasema wajukuu. Mama anasema tena yeye na afya yake, wewe unasema Xavier. Wewe mwenyewe uko aje? Usijibu nzuri.

Asante kwa kuandika wakati Mama alisema usiandike.

Asmahan Haidari


Dundee
26 Juni 2026

Mama Asmahan, na Asmahan mwenyewe,

Huyo mtoto atakuwa mfamasia mbaya kwa wagonjwa waongo. Nimeikalia barua yake siku nne.

Sawa. Ninavuja damu tangu Novemba. Mwanzo nikasema ni umri. Nikahama nayo, nikapakia maboksi nayo, nikatia saini karatasi zenu nayo. Kuna siku kwa kazi nimeinama kumvalisha mzee soksi nikashikilia kitanda nisianguke. Machi daktari wa hapa aliniambia ni uvimbe kwa tumbo la uzazi, si saratani, lakini utolewe. Nikamwambia nitapiga simu. Sikupiga.

Unajua kwa nini? Kwa sababu kichwa changu kilikuwa bado kwa sheria ya zamani. Kazi yangu ni ya saa chache, na zamani mtu wa mshahara kama wangu akilala hospitali hakuwa anapewa kitu. Nikajiambia siwezi kuwa mzigo kwa Xavier. Na mimi ndiye nilikuwa nakufundisha haki zako kwa barua! Wewe ndiye uliniandikia Aprili hata wa saa chache anapata, nikasoma, nikaruka. Sikudhani ni mimi.

Juzi nilimwambia mkubwa wangu kwa kazi. Akasema eh, ni haki yako kutoka siku ya kwanza, mbona umechelewa? Nikapiga simu hospitali. Mtu mmoja alikuwa amejitoa kwa orodha, wakanipa nafasi yake, tarehe kumi na nne Julai.

Xavier hajui. Sijui nitaanzia wapi. Na ukweli, mama, naogopa.

Gertrude


Tyseley
1 Julai 2026

Gertrude,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia.

Mwambie Xavier leo. Si kesho. Mwite jikoni, mpe kazi ya kumenya viazi, halafu mwambie akiwa ameinama. Mimi kwangu ilikuwa punje za wali, ikasaidia.

Nilitaka kukutukana ukurasa mzima kwa kunificha miezi minane, Asmahan akanikumbusha mimi ni nani. Kwa hiyo nimeacha.

Nimemuuliza Pritesh kama niliye likizo ya ugonjwa naweza kusafiri. Kamuuliza daktari, kasema bega linapona popote mradi nisibebe kitu. Asmahan kanikatia tiketi ya basi la tarehe kumi na mbili, kesho yake anarudi kazini kwake pale duka la dawa Kings Heath, kwa hiyo nakuja peke yangu. Nafika saa moja na robo jioni. Xavier aje kunipokea, wewe usitoke.

Kupika siwezi, kuosha siwezi, mfuko wako siwezi kuubeba. Wakikwambia jamaa hawaingii mpaka saa za kutazama wagonjwa, waambie huyu ni dada yangu na katoka Birmingham kwa mkono mmoja. Wakikuingiza chumba cha kupasulia nitakaa kiti cha nje. Na ukitoka, ukifumbua macho, mtu wa kwanza kukuuliza unaumwaje nitakuwa mimi, na nitangoja mpaka umalize.

Mwanasiti